Mbegu niliyomsifia mjomba imejaa vinundu Kahe

Shikamoo Mama,

Nina miaka 27, nasoma shahada ya uzamili hapa Arusha, mwaka wa pili. Utafiti wangu ni wa nyanya na minyoo fundo, wale minyoo wa udongoni wasioonekana kwa macho ambao wakiingia kwenye mizizi huifanya iote vinundu na mmea ukadumaa. Nalinganisha nyanya za aina mbili: moja ya kawaida, ambayo wakulima wengi hukamua mbegu zake wenyewe, na nyingine chotara inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa sifa ya kuwahimili minyoo hao.

Jaribio la kwanza nililifanya Juni na Julai mwaka jana, kwenye kitalu nyumba, Tengeru. Matokeo yalikuja mazuri mpaka nikaogopa. Mizizi ya ile ya kawaida ilijaa vinundu kama shanga zilizotungwa. Ya chotara ilikuwa myeupe, haina kitu. Nikaiweka yote kwenye beseni moja, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Usiku huohuo mjomba akanipigia. Analima nyanya Kahe, na minyoo walikuwa wamemtia hasara misimu miwili mfululizo. Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba, basi akaniuliza, "Mjomba, hiyo mbegu ni kweli?" Nikamjibu, "Ni kweli mjomba, wewe panda." Mama, huyu ndiye aliyeuza ng'ombe wawili ili nilipiwe ada ya mwaka wa kwanza.

Akanunua. Akasia mbegu Desemba, akahamishia miche shambani katikati ya Januari. Mwisho wa Februari simu yangu ikalia mara moja, kumbe ni picha. Mche umeng'olewa, ameushika mwenyewe mkononi, mizizi imevimba kama tangawizi. Hakuandika neno lolote chini yake.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba siku zilezile nilikuwa nang'oa jaribio langu la pili, nililolianza Januari ili kurudia la kwanza. Chotara ilikuwa na vinundu karibu sawasawa na ile ya kawaida. Msimamizi wangu alitazama jedwali, akasema nimechanganya mbegu, au maji ya kumwagilia yameruka kutoka chungu hadi chungu. Akasema niliweke kando jaribio hilo, niandike la kwanza, na nikitaka nirudie mwezi wa sita "ili jibu litoke safi". Mimi sikuchanganya. Kila chungu nilikibandika lebo kwa mkono wangu, na lebo ninazo.

Natakiwa kuwasilisha tasnifu Septemba. Nikimfuata msimamizi, namaliza. Lakini mizizi ya Kahe naiona kila nikifumba macho. Mama yangu, aliye Moshi, amesema nisikanyage kwa mjomba mpaka niwe na la kusema, na mimi sina. Rafiki zangu wanataka tukamkabe aliyeuza mbegu. Kuna siku naona bora niache masomo nikafungue duka. Nifanye nini?

Mpwa wa Kahe, Tengeru

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta neno moja, na sikuliona popote: joto. Umenitajia miezi, umenitajia mahali, umeniambia hata namna mjomba alivyoushika mche, lakini hukuniambia udongo wa kwenye vyungu vyako ulikuwa na nyuzi joto ngapi. Naamini jibu limo humo, la vyungu vyako na la shamba la mjomba pia. Tuanzie hapo; aibu na msimamizi tutawafikia.

Chotara nyingi za nyanya zinazosifiwa kuhimili minyoo fundo zinategemea jeni moja iitwayo Mi. Asili yake ni nyanya pori ya Amerika ya Kusini, Solanum peruvianum. Nyanya hiyo haizaani kirahisi na nyanya zetu, kwa hiyo katika miaka ya 1940 watafiti wa Marekani walilazimika kukitoa kiinitete ndani ya mbegu changa na kukilea maabara mpaka kikawa mmea. Nakuambia haya ili uone jinsi ulinzi wenyewe ulivyo mwembamba: mashamba ya dunia nzima yameegemea urithi wa mmea mmoja.

Mnyoo mchanga, ambaye hafiki hata nusu milimita, huingilia karibu na ncha ya mzizi na kwenda mpaka kwenye mishipa ya maji na chakula. Hapo huzigeuza seli chache kuwa seli kubwa za kumlisha maisha yake yote, na kinundu unachokiona ni nyama iliyovimba kuzizunguka seli hizo. Kwenye nyanya yenye Mi, seli zilizo mbele ya kichwa chake hufa zenyewe ndani ya siku moja hivi. Mnyoo anabaki hana jiko, anakufa njaa. Ndiyo maana mizizi yako ya Juni ilikuwa myeupe.

Sasa, kinga hiyo hulegea udongo unapopita nyuzi joto 28 hivi. Jambo hili si geni. Mwaka 1969 mtafiti Dropkin alionyesha kwamba nyanya ileile iliyowakataa minyoo kwenye ubaridi iliwapokea joto lilipopanda kuelekea nyuzi 33, na kwamba siku mbili tatu za kwanza baada ya mnyoo kuingia ndizo zinazoamua. Joto tena linamsaidia mnyoo: katika udongo wenye joto humaliza uzao mmoja kwa takriban mwezi, na jike mmoja hutaga mayai mamia. Kwa hiyo mlinzi anazimia saa ileile ambayo mwizi anapata nguvu.

Fikiria sasa Juni ya Tengeru, watu wamevaa masweta mpaka saa nne asubuhi. Halafu fikiria Januari, ndani ya kitalu nyumba, na nina hakika ulitumia viriba vyeusi vya plastiki kama tunavyotumia wote. Weka kidole kwenye kiriba cheusi kilichopigwa na jua la saa nane uone. Na Kahe iko kwenye mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari, chini kabisa ya mlima Kilimanjaro. Februari kule hewa yenyewe inapita nyuzi 30, sembuse udongo mkavu ambao miche bado haijautia kivuli.

Wazee wetu wa kahawa wanalijua jambo hili bila kusoma jeni. Muulize yeyote mwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa: huku juu kwenye baridi na ukungu, adui anayemsumbua ni chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni; ukishuka kwenye joto, ni kutu ya majani. Mlima ni mmoja, lakini ugonjwa hubadilika kadiri unavyoteremka. Utafiti wako umegusa jambo hilohilo kwenye nyanya, na umeligusa kwa bahati ya ratiba. Jaribio la Januari ndilo lenye habari mpya kwako, kwa mjomba wako na kwa kila mkulima wa tambarare aliyeuziwa mbegu hiyo. La Juni linathibitisha tu kilichoandikwa kwenye pakiti.

Lakini usikimbie na neno langu kama ulivyokimbia na picha ya beseni. Joto ni mshukiwa wa kwanza, na wapo wengine wawili. Huenda minyoo wa Kahe ni wa spishi ambayo Mi haiizuii: jeni hii inawazuia minyoo fundo wa spishi za Meloidogyne incognita, javanica na arenaria, haiwazuii hapla wala enterolobii. Au ni wa spishi izuiliwayo, ila wamekwisha kuizoea jeni, jambo ambalo hutokea pale nyanya za namna moja zinapolimwa mfululizo. Mshukiwa wa tatu ni yule wa msimamizi wako, mbegu kuchanganyika. Lile la maji kuruka halielezi kitu, maana vyungu vyote uliviwekea minyoo wewe mwenyewe. Tone moja zaidi lingeongeza nini?

Wa mbegu ndiye rahisi kumwondoa. Kama ulihifadhi majani au mizizi ya jaribio la pili, ipelekwe ikapimwe vinasaba kuona kama Mi imo. Iwapo hukuhifadhi, otesha mbegu zilizobaki kwenye pakiti ileile, na mwombe mjomba majani ya miche mitano iliyovimba mizizi. Jeni ikionekana kwenye mimea iliyovimba, neno "umechanganya" limekwisha.

Joto na minyoo utavitenganisha kwa jaribio moja dogo. Chukua mizizi ya Kahe, tafuta kwa hadubini fuko moja tu la mayai, lile tone la utelezi wa kahawia lililogandia juu ya kinundu. Ukilitia rangi ya floksini linageuka jekundu na halikupotei. Lilee kwenye nyanya ya kawaida mpaka wazaliane, ili uwe na ukoo mmoja wa minyoo, na hapohapo wapimwe ni spishi gani. Halafu toa mayai kwa kutikisa mizizi kwenye jiki iliyozimuliwa, suuza vizuri, weka idadi ileile kwenye kila chungu, aina zote mbili za nyanya. Nusu ya vyungu iwe penye ubaridi, nusu penye joto. Chotara ikivimba penye joto peke yake, umempata mshukiwa. Ikivimba pote, tatizo ni minyoo, na hiyo nayo ni habari nzito ambayo kituo chochote cha utafiti kitataka kuisikia.

Hutapata kabati la kudhibiti joto kwa wakati, najua foleni zake. Una mlima. Mama yako yuko Moshi. Kama nyumbani ni kule juu kwenye migomba, una baridi kwake na joto Kahe, wiki ileile, mwendo wa daladala mbili. Ila nakuonya kwa ukali: usiwapeleke minyoo kihambani. Vyungu vikae juu ya meza, chini yake sinia, maji yasidondoke ardhini, na ukimaliza udongo wote na mizizi vichemshwe kabla ya kumwagwa. Kama huna hakika ya kulisimamia hilo kila siku, fanya yote Tengeru: nusu viriba vyeusi juani, nusu vyungu vilivyopakwa chokaa chini ya kivuli cha wavu. Kwa vyovyote vile, kila kundi liwe na kipimajoto ndani ya udongo, sentimita 10, kinachoandika kila saa. Ukianza kukuza minyoo mwezi huu, wiki kama sita za kuwazalisha na nane za jaribio, Julai unahesabu vinundu. Septemba itabana, lakini haijakupita.

Sasa msimamizi. Sisemi ni mtu mbaya. Amesimamia wanafunzi wengi, ameona wengi wakichanganya mbegu kweli, na anataka umalize. Lakini kuliweka kando jaribio lililofanywa sawasawa kwa sababu jibu lake halikupendeza ni kosa, na ukilifanya sasa utalifanya tena. Nikiwa mwanafunzi nililifanya mimi. Nilikuwa na maharage, na safu moja iliyopakana na mfereji iliozesha mizizi yote. Niliandika "imeharibika" kwenye daftari nikaiondoa kwenye hesabu, hakuna aliyeniuliza. Miaka iliyofuata, kila nilipomwona mkulima analia kwa maharage yaliyooza bondeni, nilijua kwamba niliwahi kuwa na jibu lake mkononi nikalitupa. Sitaki uje uwe na safu ya namna hiyo.

Nenda ofisini kwake na karatasi moja. Upande wa kushoto matokeo ya Juni, kulia ya Januari, na chini yake joto la miezi hiyo kutoka kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Usianze kwa kujitetea. Sema, "Nimefikiri juu ya swali lako la mbegu, nina njia ya kulijibu, na nina dhana nyingine ningependa uione." Mpe nafasi ya kuwa mwalimu wako. Wasomi wengi wakionyeshwa kwamba mwanafunzi wao ameangukia kwenye mkutano wa mmea, kimelea na mazingira, watavuta kiti. Akikataa kabisa, usigombane; mwandikie barua pepe fupi yenye tarehe, ukieleza kwamba unapendekeza majaribio yote mawili yaingie kwenye tasnifu, kisha zungumza na msimamizi wako wa pili au mratibu wa masomo ya uzamili. Lebo zako zitunze mahali pakavu.

Muuza mbegu mwacheni kwanza. Chukua pakiti ya mjomba, igeuze, usome maandishi madogo. Herufi Ma, Mi na Mj ni zile spishi tatu nilizozitaja (Mi hapa ni incognita, si jeni), na mara nyingi hutanguliwa na IR, yaani ukinzani wa kati, si kamili. Kampuni za mbegu zinajua habari ya joto. Mkulima wa Kahe haijui, kwa sababu hakuna aliyemgeuzia pakiti akamsomea kwa Kiswahili, na hapa ndipo kosa lako lilipo, mwanangu, nalisema kwa upendo. Hukumdanganya mjomba. Ulimpa jibu la jaribio moja, la msimu mmoja, la mahali pa baridi, kwa uhakika wa mtu aliyejaribu kila mahali. Aliuliza "ni kweli?" na jibu la haki lilikuwa "huku Tengeru, Juni, ndiyo. Kwako bado sijui, tupande mistari miwili tuone."

Basi nenda Kahe. Usisubiri matokeo, wala usisubiri mama yako akuruhusu. Mwambie tu kwamba sasa una la kusema. Wewe ni wa mlimani, unajua sale, mmea wetu wa kuombea msamaha. Kata jani moja mpakani mwa kihamba, ulifunge fundo kama wanavyofunga wazee, uende nalo mkononi. Mjomba akiliona hutahitaji hotuba, na kwa mila zetu hataweza kukufukuza. Mwambie sentensi ile ya haki niliyoiandika hapo juu. Usimwahidi fedha ambazo huna. Mwahidi kazi, halafu uifanye.

Kazi yenyewe ipo. Miche iliyovimba ing'olewe na mizizi yake yote sasa, ikaushwe juani na kuchomwa. Akikata shina na kuacha mizizi ardhini amewaachia minyoo ghala. Asirudishie nyanya, bilinganya, hoho wala bamia pale. Kipande kibaya kuliko vyote apande marejea, minyoo hawazaliani vizuri humo na udongo utapata rutuba. Msimu ujao kitalu cha miche kiandaliwe mapema: udongo ulowanishwe, ufunikwe kwa nailoni inayopitisha mwanga, kingo zizibwe, ukae hivyo wiki nne hadi sita juani. Njia hiyo mtafiti Katan aliieleza huko Israeli mwaka 1976, na mimi nimeiona ikifanya kazi tambarare hizi. Jua lililoivunja kinga ya nyanya yake litawapika minyoo hao hao.

Na chotara yake asiitupe. Ahamishe miche mwishoni mwa Mei, aweke matandazo mazito ya nyasi siku ileile ili udongo ubaki baridi, na mistari miwili aiache bila matandazo. Hiyo miwili ni yako, utaihesabu vinundu.

Ukienda beba kipimajoto cha udongo. Mkizikeni pamoja karibu na shina, sentimita 10, saa nane mchana, msubiri dakika kadhaa. Namba asome mjomba.